Mashine Mbili Matangani kwa Mama Peris

Watoto wangu mliosomea kompyuta, na nyinyi ambao hamkusomea lakini mnazifungua hivyo hivyo kwa bisibisi ya kuazima, sogeeni. Mimi ni Muhonja. Watu wa Kakamega wananiita Madam, ingawa sijawahi kufundisha darasa lolote. Nilikuwa fundi wa kompyuta mjini, na miaka ya mwisho kabla sijastaafu nilikuwa yule mama mnayemwona mazishini, ameketi pembeni ya tenti, nyaya zimemzunguka miguu, halii. Si kwamba sikuwa na huzuni. Mikono ilikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kurusha mazishi kwa mtandao ili jamaa walio mbali waone. Siku hizi mtu yeyote mwenye simu anarusha. Lakini simu moja haiwezi kuonyesha picha za marehemu kwenye skrini kubwa, papo hapo ishike laini ya jamaa walio ng'ambo, papo hapo mwenye simu apigiwe na mkewe kuulizwa yuko wapi. Mimi nilitumia kompyuta mbili. Na kwa sababu matangani unapewa meza moja, tena ya kuazimwa shule ya msingi, iliyotengenezewa magoti ya mtoto wa darasa la pili, zote mbili niliziendesha kwa kibodi moja, mausi moja na skrini moja.

Kinachowezesha jambo hilo ni kisanduku kidogo kama pakiti ya majani chai. Dukani wanakiita KVM. Mwalimu wangu wa kazi, Mzee Shitandi, alikiita kigeuzi, nami sijaona sababu ya kumpinga. Kutoka kwa kila kompyuta unaleta waya wa picha na waya wa USB, unaingiza nyuma ya kigeuzi. Upande wa pili unachomeka kibodi, mausi na skrini. Mbele kuna kitufe. Ukibonyeza, uko kwa kompyuta ya kwanza. Ukibonyeza tena, uko kwa ya pili. Ni hayo tu, na ndiyo sababu watu wanakosea. Kitu kigumu mtu hukiogopa, akakisoma. Hiki wanakidharau.

La kwanza mlishike vizuri. Kigeuzi hakizimi kitu. Kompyuta uliyoiacha bado inafanya kazi yake, kama sufuria uliyoiacha jikoni ukaenda kufungua mlango. Kilichogeuka ni macho yako na mikono yako. Nimewaona mafundi wenye vyeti wakibonyeza kitufe kisha wakapumua kwa raha, kana kwamba ile ya kwanza imelala. Haijalala. Inarekodi.

Shitandi alikuwa mtu wa maneno machache. Alipitia chuo cha ufundi cha Sigalagala zamani, akatoka na ufundi pamoja na tabia ya kuvaa gambuti hata wakati wa kiangazi, kwa sababu, alisema, stima haina msimu. Siku yangu ya kwanza kwenye kigeuzi alikuja nyuma yangu akaniuliza, "Uko wapi?"

Nikamjibu, "Niko hapa, Mzee."

Akachomoa kibodi, akaenda kunywa chai. Aliporudi akauliza tena. Nilikuwa nimepata muda wa kufikiri, nikasema, "Niko kwa kompyuta ya kwanza." Akairudisha kibodi. Aliendelea kuniuliza swali hilo kila alipopita nyuma yangu, hata tukiwa kwenye foleni ya benki, mpaka ikawa siandiki herufi moja bila kujiuliza mwenyewe.

Ni yeye pia aliyenifundisha mambo ya rangi. Kompyuta ambayo watu wanaiona kwenye skrini kubwa, uso wa skrini yake uweke wekundu mtupu. Ile ya nyuma ya pazia, kijani. Basi tukaziita Nyekundu na Kijani. Nyaya nazo alizipaka rangi ya kucha pande zote mbili, ili usije ukainama chini ya meza ukachomoa usichokijua. Tulikwenda pamoja kuinunua. Mama mwenye duka akamtazama mzee mwenye gambuti, akamuuliza, "Hii ni ya nani?" Shitandi akajibu, "Ya mashine." Yule mama akaifunga kwenye gazeti mara mbili, akamwambia asijali, siri yake iko salama.

Mkidhani mambo ya rangi ni ya utoto, nitawaambia kilichompata fundi mwenzetu mmoja, mtu mzima, baba wa watoto. Alikuwa kanisani anaonyesha maneno ya nyimbo kwa kompyuta moja, na kwa nyingine anaandikiana na mkewe. Zote mbili zilikuwa na picha ileile ya ua. Ibada ikarefuka. Akamwandikia mkewe, "Hawa watu wataimba mpaka lini." Ila alikuwa upande wa nyimbo. Maneno yakatokea ukutani, makubwa, juu ya madhabahu. Kwaya walikuwa wamezoea kuimba kinachotokea, kwa hiyo wakakiimba. Sauti ya tatu ilichelewa kidogo kuingia, lakini iliingia. Waumini wakarudia. Mchungaji akasema amina. Inasemekana wimbo huo bado unaimbwa huko, na una ubeti wa pili.

Mbinu zimebadilika, najua. Nilianza na vigeuzi vya kuzungusha kwa mkono kama kitasa cha mlango, na kompyuta ambazo zisipoona kibodi wakati wa kuamka zinakataa kuamka kabisa. Vikaja vya vitufe. Vikaja vya kugeuza kwa kubonyeza mara mbili kitufe kile cha kibodi ambacho hakuna binadamu anayejua kazi yake nyingine. Siku hizi mna programu: mausi inatoka ukingoni mwa kompyuta moja, inaingia kwa ya pili kwa njia ya mtandao, bila kisanduku. Niliijaribu kwenye mazishi huko Buyangu, karibu na msitu. Mausi ilikwenda upande wa pili, mtandao ukakatika, ikabaki huko. Tangu siku hiyo nikarudi kwa kisanduku. Waya hauna habari na mtandao.

Kisha kuna giza. Unapobonyeza kitufe, skrini inakuwa nyeusi kidogo, inajitafuta, halafu picha inakuja. Giza hilo ni fupi, lakini mtu aliye na haraka analiona refu, anabonyeza tena. Ukibonyeza tena unarudi ulikotoka, na giza linaanza upya. Nimemwona mtu akienda na kurudi hivyo mpaka bibi harusi akafika. Bonyeza mara moja, ngoja. Kama huwezi kungoja, tafuta kazi nyingine.

Sasa niwaambie habari ya Mama Peris; Peris ni jina lake mwenyewe, si la mtoto.

Phanice, kitinda mimba wake, alikuwa anauza mitumba sokoni mjini. Alikuja kwangu akiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Akasema mama yao amefariki, mazishi ni huko kwao Shinyalu, na wana kaka yao ng'ambo anayeitwa Ezekiel.

"Hataweza kuja, Madam. Tunataka aone. Na ikiwezekana aseme maneno mawili."

"Nani ameamua aseme?"

"Mimi."

"Na mkubwa wenu?"

Akatazama viatu vyake. "Japheth ataamua siku hiyo."

Nilikuwa kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua maana yake. "Ataamua siku hiyo" maana yake ni kwamba ugomvi umeahirishwa mpaka kuwe na wageni.

Nikamwambia anieleze. Baba yao alipougua, Japheth, kifungua mimba, ndiye aliyemuuguza. Ezekiel alikuwa huko ng'ambo. Baba akafa, Ezekiel hakuja. Hata kupiga simu hakupiga, si siku ya kifo, si siku ya mazishi. Baadaye alianza kumpigia mama yake, lakini Japheth hakupokea simu yake tena. Kwao walizaliwa watatu, na wale wawili wa kiume hawakuwa wamesemezana tangu baba azikwe. Mama Peris alikuwa katikati, akipokea salamu huku na kuzipeleka kule, akiongeza maneno matamu ambayo hakuna aliyeyatuma.

"Salamu zimekwisha sasa," Phanice akasema.

Siku ya mazishi nilifika mapema. Nilipewa meza yangu fupi kati ya kwaya na akina mama waliokuwa wanapika. Nikapanga. Nyekundu ilishika kamera kubwa, skrini kubwa ya ndani ya tenti, na kurusha kwa jamaa wote walio mbali. Kijani ilishika laini ya Ezekiel peke yake. Juu ya skrini yangu nilibana kamera ndogo ya Kijani, na mezani nikaweka maikrofoni yake, ili asikie nyimbo. Kamera na maikrofoni hizo hazikupita kwenye kigeuzi. Zilikwenda moja kwa moja kwa Kijani, na zilifanya kazi nikiwa huko au nisiwe.

Ezekiel alitokea. Alikuwa mtu wa makamo, kichwa kimeanza kuisha nywele, kwenye chumba kidogo chenye pazia la maua. Huko aliko kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Alikuwa amevaa suti na tai.

"Mulembe, Mama," akaniambia.

"Mulembe. Pole sana."

"Mama, nina ombi. Usinizimie sauti. Wakinyamaza, niachie. Hata mbwa akibweka, niachie nimsikie."

Nikamwahidi. Kisha nikabonyeza kitufe, nikaenda kwa Nyekundu, kwa sababu mchungaji alikuwa ameanza kusoma historia ya marehemu na mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha picha. Mama Peris akiwa msichana. Mama Peris shambani kwenye chai, kikapu mgongoni. Halafu ile iliyopendwa na wote: Mama Peris mzee, anacheka meno yote nje, amemkumbatia jogoo mwekundu. Jogoo hakucheka. Alikuwa anatazama kamera kama mtu anayepiga picha ya kitambulisho.

Hapo ndipo Japheth alipokuja mezani. Mtu mrefu, mikono ya mkulima wa chai, suti iliyokuwa inambana mabegani.

"Madam, mulembe."

"Mulembe, baba."

"Nimeskia kuna mtu mmepanga aongee."

Nikamwonyesha maikrofoni kwa kidole. Nilitaka ajue kwamba iko wazi. Yeye akadhani namwambia asogee asiniharibie kazi, akasogea karibu zaidi, akainama, akashika meza kwa mikono miwili. Mdomo wake ukawa juu kabisa ya maikrofoni.

"Baba, hiyo kitu—"

"Usinionyeshe kidole, Madam, kwa heshima yako. Ngoja nimalize." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza, watu wangegeuka, angenyamaza. "Huyo mtu hataongea hapa. Baba alilala hospitali akiniulizanga kila asubuhi, Ezekiel amepiga? Namwambia amepiga, Baba, anakusalimia. Kila asubuhi. Mimi, mzee wa kanisa, nilidanganya baba yangu mpaka akakata roho."

Ili nizime ile maikrofoni nilihitaji kuwa kwa Kijani. Nilikuwa kwa Nyekundu. Nikabonyeza kitufe. Skrini ikawa nyeusi.

"Siku ya kuzika," Japheth akaendelea, "nilishika kamba ya jeneza na majirani. Mtoto mwingine wa kiume hakukuwa. Watu wananiuliza, ndugu yako yuko wapi, nasema yuko njiani. Njia gani? Sasa leo anataka kutokea kwa skrini na tai shingoni, alie kidogo, watu wamwonee huruma. Hapana. Mimi ndiye nililia hapa."

Skrini bado nyeusi. Nimewaambia msibonyeze mara ya pili, na siku hiyo kidole changu kilinisihi kama mtoto anayeomba andazi. Sikubonyeza.

Picha ikaja. Ilikuwa sura ya Ezekiel, imejaa skrini nzima, pamoja na tai. Japheth alikuwa bado ameinama, kwa hiyo nyuso zao zilikuwa karibu kama za watu wanaotaka kunong'onezana. Kamera ndogo iliyokuwa juu ya skrini ilikuwa inamtazama Japheth, na Ezekiel alikuwa anamwona vilevile alivyoonwa.

Mimi nilitafuta pa kutazama, nikatazama nyaya.

"Umesikia," Japheth akasema hatimaye.

"Nimesikia."

"Yote?"

"Kutoka kwa Baba hospitali."

Japheth akakitazama kiti changu. Nikasimama, akaketi. Magoti yake hayakuingia chini ya meza, akayaweka pembeni.

Wakati huo mchungaji akamaliza ukurasa. "Madam, picha inayofuata tafadhali," akasema kwenye kipaza sauti.

Sasa fikirini kama mafundi. Picha zilikuwa kwa Nyekundu. Kuzibadilisha, lazima nirudi kwa Nyekundu. Nikirudi, skrini yangu, ambayo ilikuwa moja, ingemwondoa Ezekiel mbele ya uso wa ndugu yake, na giza likishaingia pale katikati, nani angehakikisha kwamba Japheth bado ameketi picha ikirudi? Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Mbele yangu watu wamejaa tenti wananitazama, na kwenye mtandao jamaa wengine wanangoja. Jina langu lote la kazi lilikuwa juu ya picha hiyo inayofuata.

Nikaondoa mkono, nikaufunga kwenye leso yangu.

"Madam," mchungaji akasema tena, kwa upole wa mtu anayeanza kukasirika, "picha inayofuata."

Phanice alikuwa ameketi mbele. Aligeuka, akaona mgongo wa Japheth kwenye kiti changu. Hakuuliza. Alisimama, akaanzisha wimbo wa Kiluhya, ule mrefu ambao una ubeti kwa kila mtu wa nyumba. Akina mama wakaupokea. Walipomaliza watu wa nyumba hiyo, aliwapeleka nyumba ya jirani.

"Ulikuwa wapi?" Japheth akauliza.

Ezekiel akalegeza tai. "Nilikuwa ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani, kaka. Karatasi zangu za kukaa huku ziliisha. Walikuja kazini, wakatushika, wakatufungia. Simu walichukua. Nilipotoka, Baba alikuwa ameshazikwa."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Baba anazikwa, na kijana wake amefungwa? Watu waseme hivyo kwenye kaburi la Baba? Nilimwambia Mama. Akaniambia, niachie hiyo, nitamwambia Japheth siku nzuri."

"Hakuniambia."

"Labda alisahau."

"Mama?" Japheth akasema. "Mama hakuwa anasahaunga kitu. Alikuwa anajua hadi kuku wa jirani waliokufa."

Kona ya mdomo wa Ezekiel ikacheza. "Basi hiyo siku nzuri haikufika."

Japheth akainua macho. Kwenye skrini kubwa mama yao alikuwa bado anacheka na jogoo mikononi. "Huyu mama," akasema, akatikisa kichwa. Akapangusa uso kwa kiganja, mara moja, kama anayefuta jasho.

Wimbo ukaisha, kwa sababu hata majirani wana mwisho. Mchungaji akaiangalia skrini. Jogoo akamwangalia mchungaji. Mchungaji alikuwa amefanya kazi ya mazishi miaka mingi kuliko mimi, na alijua wakati wa kuacha kuniita. "Familia," akawatangazia watu, "imeomba tuitazame picha hii kwa utulivu."

Tenti nzima ikanyamaza, ikaitazama. Dakika zikapita. Bibi mmoja akaanza kulia polepole, wengine wakamfuata. Baadaye bibi huyo alinishika mkono, akaniambia amehudhuria mazishi mengi lakini hajaona marehemu akipewa heshima namna ile. Nilimshukuru. Jogoo naye alikuwa amepata sehemu yake.

Mezani, Japheth alikuwa anazungusha mausi yangu bila kujua. "Unaongea?" akamuuliza ndugu yake.

"Umesema nisiongee."

"Nilisema."

"Basi siongei."

"Sasa hiyo tai ni ya nini?"

"Ni ya Mama," Ezekiel akasema. "Alikuwa ananiambianga nikitokea kwa simu nimevaa fulana, atakata."

Japheth akacheka. Ilikuwa sauti fupi, ya kushtukiza, na watu wa kwaya waligeuka. Akasimama, akavuta koti lake, akaenda mpaka mbele akachukua kipaza sauti kutoka kwa mchungaji.

"Ndugu yangu Ezekiel yuko," akasema. "Yuko pale mezani kwa Madam. Hatatoa hotuba. Anayetaka kumsalimia aende amsalimie, lakini haraka haraka, mvua inatoka upande wa msitu."

Sijawahi kuona foleni kama ile kwenye meza ya darasa la pili. Shangazi zake walipiga kelele, kwa sababu waliamini umbali unataka hivyo. Mzee mmoja alimuuliza kama mahindi yanamea huko. Mwingine akamuuliza ameoa nani na mbona hajamleta. Aliwajibu wote. Kuna mama mmoja hakusema lolote. Aliweka kiganja kwenye skrini, akakitoa, akaenda zake. Skrini ikabaki na alama ya unga.

Mimi nilisimama kando na leso yangu. Jamaa wengine waliokuwa wanatazama urushaji wa Nyekundu waliona jogoo muda wote huo. Nilipokuja kusoma walichoandika, wengi walikuwa wanauliza kama mtandao umekwama, na mmoja alikuwa anauliza kama jogoo huyo bado yupo.

Jeneza lilipoinuliwa nilimwambia Ezekiel, "Sasa nakuacha kidogo. Fungua urushaji kwenye simu yako, uone kaburini kama wengine. Sauti utaendelea kusikia kwangu." Nikabonyeza mara moja, nikangoja, nikaingia kwa Nyekundu, nikaelekeza kamera kubwa kaburini.

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Mchungaji aliharakisha. Alipofika kwa watoto, Phanice alitupa udongo wake, akarudi nyuma. Japheth akachota kwa mkono wa kulia, akatupa. Badala ya kurudi nyuma akainama tena, akachota kwa mkono wa kushoto, akatupa na huo. Mchungaji alimtazama. Kwetu mkono wa kushoto si wa kumpa mtu kitu, sembuse kumzikia mama. Mzee mmoja akakohoa.

"Huu wa pili si wangu," Japheth akasema, akapisha.

Sikuelewa. Nilikuwa nafunika kamera kwa nailoni, sikuwa na nafasi ya kuelewa.

Mvua ilipokolea, watu walikimbilia kwenye tenti, na akina mama wakaanza kugawa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu. Nilirudi kwa Kijani nikidhani Ezekiel ameshakata. Alikuwepo. Tai alikuwa ameirudisha juu, imenyooka.

"Mama, uko?"

"Niko."

"Simu yangu ilikuwa inakwamakwama. Nimeona Japheth ametupa udongo mara mbili."

"Hata mimi nimeona."

"Ile ya pili alitumia mkono gani?"

"Wa kushoto. Mchungaji hakupenda."

Nilidhani picha imeganda, mpaka nilipomwona akiinua mkono wake wa kushoto, akautazama, akaulaza mezani mbele ya kamera.

"Mimi ni wa kushoto," akasema. "Mama alinichapa nikiwa mdogo niache, nikashindwa. Wakati wa kula Japheth alikuwa anaketi upande huu, ananificha Mama asinione."

Mvua ilikuwa inapiga tenti. Japheth alikuwa anakuja na sahani yake, ameifunika kwa kiganja isiingie maji. Nikatoka kwenye kiti kabla hajaniomba.